Mafuta ya Nyonyo na Moto wa Pili

Mtu afikaye Sumbawanga katika mwezi wa Juni au Julai hana haja ya kuambiwa kwamba amepanda juu. Mji huo uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kiangazi katika uwanda wa Ufipa hupasua midomo na visigino vya wenyeji na wageni bila ubaguzi. Katika utoto wetu dawa ya upepo huo ilikuwa moja: chungu kidogo kilichokaa uchagani katika jiko la bibi yetu, chenye mafuta mazito ya rangi ya asali. Tulipakwa asubuhi kabla ya kwenda shule. Tukang'aa, na tukanuka. Wenzetu waliopakwa mafuta ya dukani walitucheka, nasi tukaona aibu. Aibu hiyo ndiyo chanzo cha insha hii.

Mmea utoao mafuta hayo watu wa pwani huuita mbarika au mbono. Sehemu nyingi za bara huuita mnyonyo, na mbegu zake nyonyo. Majani yake yamegawanyika mfano wa vidole vya mkono, matunda yake yana miiba laini, na ndani ya kila tunda mna mbegu tatu zenye madoadoa. Wataalamu huuita Ricinus communis, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Na neno la kwanza katika jina hilo, kwa Kilatini, maana yake ni kupe, kwa kuwa mbegu yafanana na kupe aliyeshiba. Asili yake yasemwa kuwa ni pande hizi zetu za Afrika ya Mashariki. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza jinsi Wamisri walivyoyatumia mafuta hayo katika taa na kujipaka mwilini. Bibi yetu, asiyejua kusoma wala kuandika, alikuwa mrithi wa kazi kongwe kuliko vitabu vyetu vingi.

Yafaa tueleze kazi yenyewe. Matunda yaliyokauka yalianikwa juani hata yakapasuka yenyewe na kutema mbegu. Mbegu zilikusanywa katika kikapu chenye kifuniko, zikahesabiwa na mikono ya watu wazima tu. Kisha zilikaangwa katika kikaango cha udongo kwa moto wa kiasi, zikatwangwa katika kinu kisichotwangiwa nafaka kamwe, hata zikawa kama uji mzito mweusi. Uji huo ulitiwa katika chungu cha maji na kuchemshwa muda mrefu, na polepole mafuta yakapanda juu. Bibi aliyaengua kwa kata ya kibuyu. Mashudu yaliyobaki hayakutupwa uani penye kuku na mbuzi; yalifukiwa shambani, yakawa mbolea.

Mtu mwenye haraka angedhani kazi imekwisha hapo. Kumbe mafuta yaliyoenguliwa bado yana maji ndani yake, nayo yalirudishwa motoni katika chungu cha pili. Huo ndio ulikuwa moto mgumu, maana ukizidi mafuta huungua, na ukipungua maji hubaki. Siku moja tulitaka kukiepua chungu mapema ili twende kucheza. Bibi akatushika mkono. "Mume wangu," akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "mafuta yanayolia bado yana maji. Ngoja yanyamaze." Tukakaa kusikiliza. Yalitatarika kwa muda mrefu, kisha sauti ikapungua, ikawa ya hapa na pale, mwishowe kimya. Ndipo yalipochujwa kwa kitambaa na kuachwa usiku kucha yatulie.

Ufipa ni nchi inayoujua moto wa pili. Wahunzi wa kale waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, ambayo magofu yake yangaliko sehemu mbalimbali za uwanda huu. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka nyingi, kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, kikapulizwa kwa mivukuto hata kikafaa kufuliwa majembe na shoka. Kazi hiyo ya kuyeyusha chuma ilikoma katika karne ya 20, vyuma vya madukani vilipoenea. Sisi tumetunga mashairi mengi kuwasifu wahunzi hao. Juu ya wanawake waliosimamia moto wa pili jikoni hatukutunga hata beti moja, ingawa ngozi yetu wenyewe ililelewa na kazi yao.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, nchi yetu iliingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980: foleni za sabuni, foleni za mafuta ya taa, na maduka yenye rafu tupu. Hapo chungu cha bibi kikapanda cheo. Kibatari kilikataa mafuta hayo, kwa kuwa ni mazito na hayapandi vizuri katika utambi mrefu. Basi bibi akayamimina katika kigae, akalaza utambi mfupi wa pamba ukingoni, nasi tukasoma kwa mwanga huo. Aliyachemsha pamoja na maji ya majivu, akapata sabuni laini ya rangi ya udongo. Aliyapaka katika mipini, katika ngozi za ngoma na katika cherehani ya jirani. Wale waliotucheka walituma watoto wao na vichupa.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, na bidhaa zikarudi. Nasi tulikwisha kuwa vijana wa sekondari, kisha watumishi wa serikali. Katika kazi yetu tuliwahi kuwahimiza wakulima wauze mbegu za nyonyo, kwa maana mafuta yake yana soko duniani: hutengenezewa rangi, vilainishi vya mitambo, vipodozi na aina za plastiki, na katika Vita Kuu ya Kwanza yalilainisha injini za ndege. Hatukukosea kusema hivyo. Lakini hatukuuliza hata mara moja ni nani kijijini aliyekuwa bado anajua kuyapika. Mbegu zikaenda katika magunia, na vichupa vya mafuta yale yale vikarudi madukani kwa bei ya mbali.

Mwaka 2003 tulipata jibu la kutokuuliza kwetu. Mtoto wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akicheza kando ya ua wa nyumba yetu mjini, ambapo minyonyo ilijiotea penye takataka. Alizitafuna mbegu mbili tatu kwa sababu ya uzuri wa madoadoa yake. Jioni alianza kutapika, usiku akahara damu. Hospitalini tulielezwa kwamba mbegu hizo zina sumu iitwayo risini, wala hakuna dawa ya kuiondoa. Mgonjwa hutiwa maji mwilini na kuangaliwa. Tulikaa naye siku nne, na Mungu akamrudisha. Mama yake alituuliza, "Shemeji, ulijua?" Tulijua. Ndiyo maana ya kikapu chenye kifuniko, kinu cha peke yake na mashudu kufukiwa. Risini haiyeyuki katika mafuta. Hubaki katika mashudu, na moto huiharibu. Bibi alikuwa ameyaweka yote hayo katika desturi zake, nasi tukaziacha desturi na kuuacha mti uani.

Tulikwenda kwa shangazi yetu kijijini kujifunza upya. Chungu chetu cha kwanza tulikiepua kabla hakijanyamaza, na baada ya muda mfupi mafuta yakachacha. Cha pili tulikingoja. Mafuta yake tunayapaka tu. Kuyanywa kwa ajili ya tumbo, kama ilivyozoeleka zamani, ni jambo la kumwuliza tabibu, hasa kwa mama mjamzito.

Ndugu walimu, mnyonyo upo katika kila mtaa na haungoji kupandwa. Ujuzi wake ukipotea, faida ndiyo huondoka na sumu ndiyo hubaki. Waiteni akina bibi darasani wangalipo. Wanafunzi wapime mbegu, wapime mafuta, waandike kila hatua, na wafundishwe kwanza kutoiweka mbegu mdomoni. Kisha wakae kimya kando ya chungu cha pili, wasikilize.