Hujawahi Skiza Just A Band? Anzia Hapa

Wiki jana dogo mmoja wa ploti yetu hapa Kayole aliniuliza kama najua mtu wa kununua laptop yake. Nilishtuka. Hiyo laptop ndiyo anatengenezea biti usiku watu wakilala. Akaniambia amechoka. Kila akiwachezea maboyz ngoma zake wanamwambia hizo ni za wazungu, apeleke Westlands.

Nikamuuliza, "Just A Band unawajua?" Hakuwajua. Sikumlaumu, wakati wanavuma alikuwa bado ananyonya. Basi nilichomwambia yeye ndicho nakuambia na wewe.

Anza na 82, ya 2009. Si albamu yao ya kwanza, lakini ndiyo iko na Ha-He, ile ngoma ambayo video yake ya 2010 ilifanya Kenya nzima iongee Makmende. Na Makmende hawakumtoa hewani. Lilikuwa neno la mtaa la miaka ya 90: ukijifanya mnoma sana, unaitwa Makmende. Wao walichukua utani wetu wakauwekea biti. Ukimaliza hiyo, weka Usinibore.

Halafu rudi nyuma, Scratch to Reveal, 2008. Jina tu linanikumbusha kadi za kredo tulizokuwa tunakwaruza na shilingi. Humo kuna Iwinyo Piny, Kijaluo juu ya biti ya kudansi. Mtu akikuambia muziki wa kompyuta hauna kwao, mchezee hiyo kisha unyamaze.

Sorry for the Delay, ya 2012, iache mwisho. Usianze nayo. Hiyo ni ya kuskiza ukiwa umeshawazoea, pengine kwa matatu usiku, jam imekwama Jogoo Road na hakuna mtu anaongea.

Sitakudanganya ati ni watoto wa Kayole. Lakini walikutana Kenyatta University, hapo tu Thika Road, si Berlin. Na hawakuishia kwa ngoma: Mbithi Masya akatengeneza filamu ya Kati Kati, Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe 2018. Hakuna aliyesubiri ruhusa ya mtaa.

Dogo aliskizia kwa ngazi, simu yangu ikiwa imewekwa ndani ya sufuria ndiyo sauti itoke. Ilipofika Iwinyo Piny, mathe yake, ambaye ni Mjaluo, aliacha kufua akauliza, "Huyo ni nani anaimba Kijaluo hivyo?" Dogo akamwambia, "Ni hii muziki yangu, mathe. Ile unaniambianga ni kelele."

Hajasema kama atauza laptop au la. Lakini jana saa nane usiku biti ilikuwa inagonga ukuta wangu. Siku nyingine ningebisha. Jana niliskiza tu.

Wewe ungemwanzishia albamu gani?