Ukishahitimu, Nywila Inabaki na Nani?

Kila mwaka wanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika vyuo vikuu vyetu huunda mradi mmoja mkubwa kabla ya kuhitimu. Wengi huchagua kuisaidia jamii, na hilo ni jambo la kupongezwa. Mmoja ataunda programu ya kuwaunganisha wakulima wa nyanya na wanunuzi, mwingine ya kuwakumbusha kina mama wajawazito siku ya kliniki, mwingine ya kuandikisha mifugo. Siku ya kuwasilisha suti zinavaliwa, projekta inawashwa, wahadhiri wanauliza maswali matatu manne, makofi yanapigwa na alama zinatolewa. Halafu? Halafu kila mtu anashika njia yake kwenda kutafuta kazi Nairobi.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hiyo "halafu". Nilipitia mfumo huo huo na sasa nalipwa kuandika programu, kwa hivyo sisemi kama mtu wa pembeni. Ninachosema ni hiki: mradi unaogusa maji, afya au pesa za watu si zoezi la darasani tena. Watu wakishauamini na kuiacha njia yao ya zamani kwa ajili yake, ukiuacha ufe umewadhuru. Afadhali usingeanza.

Mtaniambia natia chumvi. Haya, wacha niwape mfano ninaoujua kwa karibu.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kamati ya maji katika kijiji kimoja kule Kitui. Mliozaliwa sehemu kame mnajua maana ya kisima chenye pampu inayofanya kazi. Bila hicho ni punda, mitungi na safari ya kwenda kuchimba mchanga kwenye mto uliokauka. Kamati yao ina kaya 140. Kila kaya hulipa shilingi 200 kwa mwezi, na shilingi 10 kwa kila ng'ombe anayekunywa kwenye birika. Wengi hulipa pesa taslimu siku ya soko. Pesa hizo ndizo humlipa fundi pampu ikiharibika. Kwa miaka mingi shangazi aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mara kulikuwa na mtu wa kulalamika kwamba alilipa na hakuandikwa.

Wakaja wanafunzi watatu, mmoja wao kijana wa pale pale kijijini. Waliwasikiliza watu kwanza, jambo ambalo wengi wetu hatufanyi. Waliona kwamba watu wengi wana kabambe, zile simu za tochi, na hawana haja ya bando. Kwa hivyo hawakuunda programu ya Android. Waliunda mfumo ambao mweka hazina anaingiza malipo kwa simu yake, na aliyelipa anapokea arafa hapo hapo kama risiti: umelipa shilingi 260, nyumba 200, ng'ombe 60, tarehe fulani. Malalamiko yalipungua sana. Mtu akisema hakuandikwa, anaambiwa atoe simu.

Sitaki mfikiri vijana hawa walikuwa wavivu au wajinga. Niwaonyeshe walivyokuwa makini. Mwezi wa kwanza pesa walizoweka za kutuma arafa ziliisha upesi, karibu mara mbili ya walivyokadiria. Walichunguza wakagundua chanzo ni ng'ombe! Arafa moja hubeba herufi 160 mradi utumie herufi zilizomo katika orodha ya kawaida ya GSM. Kiswahili chote kinaenea humo bila shida. Lakini waliandika ujumbe wao kwenye programu ya kuandikia barua, nayo ikageuza ile alama ya juu katika "ng'ombe" kutoka iliyonyooka ikawa iliyopinda. Iliyopinda haimo katika orodha hiyo. Ikitokea herufi moja tu ya namna hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Risiti yao ilikuwa na herufi tisini na kitu, basi kila risiti ikawa arafa mbili. Waliinyoosha ile alama na gharama ikarudi chini. Nimewahi kufanya kazi na wahandisi wa miaka kumi ambao wasingeligundua hilo.

Kwa hivyo tatizo halikuwa akili. Waliwasilisha, wakapata alama nzuri, wakahitimu. Mfumo uliendelea kwa jumla ya miezi minane, kisha siku moja ukanyamaza. Shangazi anaingiza malipo, hakuna kinachorudi. Akampigia yule kijana, simu haipatikani. Ndipo akanipigia mimi.

"Mwanangu, si wewe ndiye ulisomea hizi kompyuta? Mkutano wa mwaka ni wiki ijayo. Hesabu zangu ziko wapi?"

Nilimtafuta yule kijana kupitia rafiki wa rafiki nikampata Nairobi, ameajiriwa na ana nia njema kabisa. Lakini sikilizeni jinsi mambo yalivyofungana. Seva ilikuwa imekodishwa kwa jina lake na kulipiwa kwa pesa zake za matumizi za chuo, na zilipokwisha hakuna aliyelipa. Ili afungue akaunti alihitaji kutumiwa nambari ya siri kwenye laini yake ya zamani. Laini hiyo hakuwa akiitumia, na laini isipotumika muda mrefu kampuni ya simu huifunga na baadaye kumpa mteja mwingine. Nambari ya siri ilikuwa ikienda kwa mtu tusiyemjua. Tulipofanikiwa kuwafikia wenye seva kwa njia nyingine, walitujibu kwamba akaunti isiyolipiwa hufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Miezi minane ilikuwa imekwenda.

Mkutanoni mtu mmoja alisimama akauliza pesa ziko wapi. Kama kila kaya ililipa, hiyo ni shilingi 224,000 bila kuhesabu ng'ombe. Shangazi akajibu hesabu ziko kwenye kompyuta. "Kompyuta gani?" Hakuna aliyewahi kuiona. Mama huyu, ambaye kwa miaka yote ya daftari hakuna aliyewahi kumshika na senti, alisimama mbele ya majirani bila karatasi hata moja mkononi, kwa sababu alikubali kusaidiwa.

Kilichomwokoa ni zile kabambe. Risiti zilikuwa bado kwenye simu za watu. Tulikaa chini ya mti Jumamosi mbili, watu wakaleta simu zao, mimi nikasoma na shangazi akaandika kwenye daftari jipya. Bibi mmoja alikuwa na risiti zote nane, kwa sababu hajui kufuta ujumbe. Lakini simu nyingi za namna hiyo hazina nafasi kubwa na wengine walikuwa wamekwisha futa. Tulipata miezi mitano kwa kaya nyingi. Mitatu ya mwanzo haikupatikana. Shangazi bado ni mweka hazina, ila kuna watu wawili ambao mpaka leo wakikutana naye njiani hawamsalimii.

Basi je, tuseme wanafunzi waache kabisa mambo ya jamii? Hapana, na ushahidi ninao. Mwaka 2008 Josh Nesbit, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alikwenda Malawi katika hospitali ya St. Gabriel's, Namitete. Hata hakuwa akisomea kompyuta. Hospitali ile ilihudumia watu wapatao 250,000 waliotawanyika vijijini, na wahudumu wa kujitolea walitembea makumi ya kilomita kupeleka ripoti za karatasi. Alibeba simu zilizotumika zipatazo 100 na laptopu moja yenye FrontlineSMS, programu ya bure iliyoundwa na Ken Banks mwaka 2005, ambayo ilikuwa ikituma na kupokea arafa kupitia simu iliyochomekwa kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti. Wahudumu wakaanza kuripoti kwa arafa.

Angalieni vitu viwili hapo. Kwanza, hakuandika programu mpya, alichukua iliyokuwepo. Pili, laptopu ilikaa hospitalini na wahudumu wa hospitali ndio walioiendesha. Hakukuwa na seva ya mbali inayongoja kadi ya mtu. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika linaloitwa Medic, ambalo lilisaidia kuzaa zana huria za afya ya jamii, Community Health Toolkit. Na msidhani hayo ni mambo ya Malawi peke yake. Septemba 2023 serikali yetu ilipozindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 na kuwapa simu, mfumo wanaotumia kuandikisha kaya, eCHIS, umejengwa juu ya zana hizo hizo. Yule anayekuja kwenu na fulana yake na begi, ile simu mkononi mwake ina ukoo unaofika hadi kwa mwanafunzi mmoja na simu za mtumba.

Mfano mwingine uko hapa hapa nyumbani. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, na Eldoret ni mojawapo ya chimbuko lake, katika mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi. Kabla yake, tangu 2001, kulikuwa na mfumo mdogo katika kituo cha afya cha Mosoriot, uliojengwa kwa Microsoft Access. KenyaEMR inayotumika katika kliniki nyingi nchini imejengwa juu ya OpenMRS. Tangu 2007 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakiuchangia kupitia Google Summer of Code. Mwanafunzi anarekebisha sehemu moja, anahitimu, anaondoka, na mfumo hauanguki kwa sababu kuna wengine wanaoushikilia. Mbona hatuhesabu mchango wa namna hiyo kuwa mradi wa mwaka wa nne? Kwa nini kila mmoja alazimike kuanza kibanda chake kipya?

Mwaka huu wanafunzi wawili walinifuata wakitaka niwasaidie kurudisha mfumo ule wa maji. Nilikubali kwa masharti manne, na nayaandika hapa ili ayachukue anayetaka.

Kwanza, laini ya simu, akaunti ya arafa na seva viandikishwe kwa jina la kamati tangu siku ya kwanza. Nywila iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha na kufungiwa kwenye sanduku la kamati pamoja na kitabu cha benki.

Pili, kila mwisho wa mwezi hesabu zichapishwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Siku seva ikifa, kinachopotea ni mwezi mmoja, si minane.

Tatu, gharama ya mwaka mzima isomwe mkutanoni na wanachama wakubali kuilipa wenyewe. Wakikataa, hakuna mradi, na hiyo si aibu. Daftari ni teknolojia nzuri tu. Na kwa kuwa orodha ya majina na nambari za simu ni data binafsi, waambiwe wazi nani ataiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachi mtu kwa sababu ni mwanafunzi.

Nne, na hili ndilo walilolalamikia: kabla ya kuwasilisha chuoni, wakae mwezi mzima bila kugusa mfumo. Wasipige simu, wasirekebishe chochote usiku. Kamati iendeshe yenyewe. Kikiharibika kitu mwezi huo, basi hicho ndicho cha kurekebisha, na kiandikwe kwenye ripoti bila kufichwa.

Wahadhiri wetu nawaheshimu, na najua mhadhiri mmoja anaweza kusimamia miradi mingi kuliko anavyoweza kuisoma vizuri. Siombi kamati mpya wala mtaala mpya. Naomba swali moja liongezwe kwa yale matatu manne ya siku ya kuwasilisha, na jibu lake lipewe alama: mwaka ujao mwezi kama huu, nani atakuwa na nywila, na nani atalipa? Mwanafunzi akitaja jina lake mwenyewe, arudishwe akamalizie kazi.

Mwezi wa kimya wa vijana wangu unaanza wiki ijayo. Shangazi ameninunulia mbuzi mapema, nami nimemwambia asimchinje mpaka mwezi uishe.