Maji ya Mvua ya Kwanza

Nataka kuwapa habari ya maji, jambo ambalo sisi watu wa Newala twalijua tangu utoto, na hata hivyo mimi nililijua nusu.

Huku juu ya Uwanda wa Makonde hapana mito. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza mara, nayo hutokeza mbali, chini ya mteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika habari za taabu hii. Katika miaka ya 1950 mashine zilianza kupandisha maji kwa mabomba. Lakini utotoni kwetu bomba halikufika, tukashuka na bibi kwenye chemchemi. Kiangazi tulichota kata kwa kata, tukingoja. Bibi hakunung'unika. Alisema, “Mjukuu wangu, maji ya kungoja ndiyo ya kunywa.”

Nikasahau. Nilipokuwa mwalimu upande wa Masasi, tulichota katika kijito kikaukacho kiangazi, ambako watu huchimba mashimo mchangani. Mwezi wa Desemba mvua ya kwanza ikanyesha usiku, na asubuhi kijito kikawa kimejaa. Tulifurahi mno! Tukajaza mitungi yote. Siku ya tatu mwanangu wa miaka minne akaharisha hata macho yakaingia ndani. Mganga wa zahanati akaniuliza maji tuliyatoa wapi. Nilipomjibu, akasema, “Mama, wewe u wa nne leo.” Samadi, taka na vinyesi vilivyolala ukingoni tangu Juni, vyote vilikuwa vimeshuka kwa usiku mmoja.

Mtoto alipona kwa maji ya chumvi na sukari. Tangu hapo nikawa natia maji ya kijito katika chupa nyeupe killa mwezi, nayaacha yatulie usiku kucha, kisha napima tope kwa rula ya shule. Chupa ya Desemba ilikuwa na tope la unene wa kidole. Ile ya Machi, ingawa kijito kilikuwa kikubwa zaidi, ilikuwa na tope dogo, nikastaajabu. Ya Agosti, iliyotoka shimoni, haikuwa na tope kabisa. Nikampelekea mganga kwa majivuno, naye akaituma ikapimwe: vijidudu vya kinyesi vilikuwamo. Ng'ombe walinywa hatua chache tu kutoka shimo letu, na rula yangu haikuwa na alama ya kuwapima wadudu hao. Basi twachemsha miezi yote kumi na miwili, ingawa kuni ni ghali.

Sasa nimerudi Newala, nina kisima cha saruji kipokeacho maji ya paa. Hapa tope si kitu. Lakini tangu Juni mikorosho hupuliziwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, na vumbi lake hulala juu ya mabati pamoja na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza ikija, mwanangu yule hutoka mbio kugeuza mfereji wa paa, na maji tuliyoyangoja miezi sita twayaacha yaende shambani.