Soya Iliyojificha Katika Unga

Tangu daktari atuambie kuwa soya humdhuru mtoto wetu, hapa Chang'ombe twampa uji wa mahindi matupu. Siku moja midomo ikamvimba tena. Kumbe mashine ilikuwa imesaga soya kabla ya mahindi yetu! Macho yetu hayakuiona.

Lakini wataalamu huiona. Humdunga sungura protini ya soya, na mwili wake hutengeneza kingamwili, askari wa damu wanaoikamata soya. Katika maabara askari hao hufungwa kimeng'enya, kitu kinachobadili rangi ya maji soya ikiwamo, hata chembe. Njia hiyo ya rangi ilitangazwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Uswidi.

Sisi hatuna maabara jikoni. Basi, mzazi, kabla ya kusaga uliza: "Mashine imetoka kusaga nini?"