Nani Ataichora Asubuhi ya Ngombezi?

Tangu nitoke Musée d'Orsay hapa Paris, nina wivu. Nilisimama mbele ya picha ya kanisa kuu la Rouen aliyoichora Claude Monet, jua la asubuhi likianza kuligusa. Ukisogea karibu huoni kanisa, unaona rangi tu, nene na yenye kukwaruza kama lipu. Rudi nyuma kidogo: mawe ni ya buluu, juu yameshaingia uwaridi, mlangoni bado usiku.

Mwaka 1892 Monet alipanga chumba mkabala na kanisa, na 1893 akarudi. Alikuwa na turubai kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanga ukigeuka, anaweka hii, anachukua ile. Zilifika zaidi ya 30, nyingi za ukuta ule ule! Mwaka 1895 akaonyesha 20 hapa Paris.

Nikamrushia shangazi picha hiyo kwa simu. Akajibu: "Mwanangu, mbona huyo fundi hakumaliza?"

Shangazi huyu ameanika singa za mkonge Ngombezi, kule Korogwe, tangu usichana wake. Mwanga wa asubuhi nani anaujua kumshinda? Ukungu wa Mto Pangani ukiwa bado chini, singa kwenye waya ni za kijivu. Jua likichungulia, dhahabu. Saa tatu ni weupe wa kuumiza macho. Yote hayo ameyaona, na hakuna aliyemchorea hata moja.

Kwetu picha ni kalenda ukutani. Dukani ni twiga, simba na Kilimanjaro, kwa kuwa mnunuzi ni mtalii. Wachoraji siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Hata Edward Saidi Tingatinga alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya Dar es Salaam, lakini jina lake tunalikumbuka kwa wanyama na ndege.

Mtaniambia Ngombezi hakuna kanisa kuu. Kwani kabla ya Rouen Monet alichora nini? Malundo ya ngano shambani! Na makanisa tunayo: Minara Miwili ya Unguja ilijengwa miaka ile ile ya 1890, na jua huipiga kila siku.

Kijana wa Korogwe mwenye brashi, nenda pale singa zinapoanikwa. Chora saa kumi na mbili, chora saa mbili, chora saa nne, mahali pale pale. Kisha niandikie. Ya kwanza nainunua mimi.