Taa ya nyuma ni ya macho ya mwenzetu

Juma hili tunaongea juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja: ampule ya taa ya nyuma ya motokari.

Wengi wetu tunaishi kwa njia. Tunaenda Tshangalele kuchukua samaki, tunarudi Likasi, na wengine wanaendelea mpaka Lubumbashi, kilometa kama 120. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, na samaki hawangoji. Basi giza linatukuta barabarani, na nyuma yetu zinakuja kamyo nzito za madini.

Taa ya mbele ikikufa, shoferi anajua palepale. Taa ya nyuma ikikufa, hakuna anayejua ndani ya motokari. Tunaongea, tunacheka, tunahesabu feza ya soko, na kumbe kwa yule anayetufuata sisi hatupo. Miezi michache iliyopita wenzetu walikuwa wanarudi usiku namna hiyo. Kamyo ilifunga freni ikiwa imebaki hatua chache tu. Hakuna aliyeumia, lakini watoto wao wangeweza kulala yatima.

Kwa hiyo tumejifunza kuibadilisha sisi wenyewe, nyumbani.

Kwanza ni kutazama. Mmoja anawasha taa, kisha anakanyaga freni. Mwingine anasimama nyuma. Kama uko peke yako, ngoja jioni, sogeza motokari kinyumenyume karibu na ukuta, kisha angalia ndani ya kioo: wekundu utaonekana ukutani. Taa zote mbili zikikataa pamoja, tazama fizibule kabla ya kununua ampule. Kama ni taa za freni tu zinazokataa zote, mara nyingi ubaya uko kwenye swichi iliyo karibu na pedali; hiyo mpelekee fundi.

Pili, zima yote na acha ampule ipoe, maana inaunguza. Fungua buti. Nyuma ya taa kuna kifuniko. Motokari nyingine zina visi mbili za kufungua kwa turnavisi. Zungusha kishikio cha ampule kidogo, kitatoka. Kisha sukuma ampule ndani polepole, izungushe kushoto, ivute. Kioo chake kikiwa cheusi, ao uzi wa ndani umekatika, imekwisha.

Ipeleke ile ya zamani kwa muuzaji, upate inayofanana nayo. Katika motokari nyingi ampule moja ina nyuzi mbili: wati 5 za kuonekana usiku, na wati 21 za freni. Vichuma vyake viwili vya ubavuni havilingani urefu, basi inaingia kwa upande mmoja tu, usiilazimishe. Omba ya volti 12. Ile ya volti 24 ni ya kamyo. Kwetu itawaka kama kaa linalozimika. Shimo lake likiwa na kutu, likwangue na kulipangusa kwa kitambaa kikavu.

Kioo chekundu kikivunjika, kibadilishwe pia. Mvua itaingia na kuua ampule mpya, na mwanga mweupe unaotoka nyuma unadanganya: anayetufuata anaweza kufikiri tunakuja kumkuta.

Na wewe usiye na motokari, unayelipa nafasi yako na ya mabeseni yako? Neno hili ni lako zaidi. Wengi tunaona haya kumwambia shoferi, tunaogopa atatuacha. Lakini maisha yanayopanda ni yetu. Zunguka nyuma kabla ya kupanda, mwambie kwa heshima: “Papa, kanyaga freni tuone.” Mmoja akisema peke yake atachekwa, tukisema wote kumi, atakanyaga.

Kwenye mkutano ujao tutafanya zoezi pamoja uani. Mje na mabinti zenu, na mwenye turnavisi ailete.