Konje ya Kyondo: alipanda kupumzika, akakuta mizani

KYONDO – Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, saa tatu za asubuhi, motari mmoja wa Butembo alifunga valizi ndogo nyuma ya pikipiki yake na kuanza kupanda kuelekea Kyondo, katika usultani wa Bashu, teritwari ya Beni. Abiria wake alikuwa muuguzi wa miaka 46, aliyevaa makoti mawili na kitambaa cha shingoni. Butembo yenyewe ina baridi, kwani iko kwenye mita zaidi ya 1,700, lakini mtu wa Butembo anayepanda Kyondo bila koti atajuta kabla ya kufika.

Alikuwa amepata konje ya siku kumi na nne. Mtu anaweza kusema ni jambo la kawaida. Kwake halikuwa. Tangu ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Agosti 2018 alikuwa akivunja konje zake vipande vipande: siku mbili za kilio, siku tatu za arusi, siku moja ya kwenda kuchukua matokeo ya mtoto shuleni. Ebola ilipotangazwa kwamba imekwisha, Juni 2020, Korona ilikuwa imeshaingia, wakaja wakimbizi, na mishahara nayo ikaanza kuchelewa. Safari hii mganga mkuu mwenyewe alimwambia aende, kwa sababu alikuwa ameanza kuwafokea wagonjwa.

Ndani ya valizi alitia sabuni, chumvi, sukari, dawa za minyoo za watoto, na kopo moja la kahawa ya unga ya dukani, ile inayotoka ng'ambo. Ilikuwa zawadi kwa mdogo wake wa kiume, anayekaa kwenye shamba la kahawa waliloachiwa na baba yao.

Mdogo wake alipolipokea kopo aliligeuza, akalisoma pande zote, akacheka hadi akaketi.

«Yaya, hii si ndiyo kahawa yetu imerudi na koti?»

Hata yeye alicheka. Huko milimani watu wengi hulima kahawa miaka arobaini bila kuinywa. Asubuhi ni chai, au uji, au maziwa kwa aliye na ng'ombe. Kahawa ni ya kuuza. Inapikwa siku ya kilio, watu wasisinzie.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za kulala. Alilala saa mbili za usiku na kuamka jua likiwa limeshapanda, jambo ambalo lilimtia haya mbele ya wifi yake, aliyekuwa amekwisha kuteka maji, kuchemsha maharagi na kuosha mtoto. Alikula viazi na leki, akaota moto, akakaa mlangoni na blanketi mabegani akitazama ukungu ukitoka bondeni. Asubuhi ambayo anga ni safi, bonde la Semuliki linaonekana lote chini upande wa mashariki, na kwa mbali kaskazini-mashariki Ruwenzori inatokeza kichwa kabla mawingu hayajaifunika tena. Hiyo huchukua nusu saa. Anayechelewa kuamka anaikosa, na yeye aliikosa siku zote tatu. Ya nne ndiyo aliyoiona.

Ilikuwa Jumanne. Baada ya kuona mlima alikwenda kuketi na wanawake kwenye meza za kukaushia. Mavuno yalikuwa yanaelekea mwisho. Kazi anayeijua anaijua: kahawa nyekundu inatoka shambani, inatiwa kwenye ndoo ya maji, zile zinazoelea zinaondolewa, zilizozama zinamenywa kwa mashine ya mkono, zinalala usiku mzima zikichacha ili ule utelezi utoke, zinaoshwa, kisha zinatandazwa juu ya meza ya wavu kwa wiki mbili au tatu. Kilo tano hivi za kahawa nyekundu hutoa kilo moja ya parche, yaani kahawa kavu iliyo bado ndani ya ngozi yake nyembamba. Jua likiwa kali sana zinafunikwa. Mvua ikitisha zinafunikwa. Kwa hiyo mwanamke wa meza hawezi kwenda mbali, na anayedhani kwamba kukaa kwenye meza ni kupumzika hajawahi kukaa pale hadi saa kumi.

Lakini muuguzi alipumzika. Vidole vilikuwa vinachambua: punje iliyovunjika huku, iliyotobolewa na mdudu huku, nyeusi huku. Kuna mdudu mmoja, antestia, akitoboa kahawa inaweza kupata ladha ya kiazi kibichi, na punje chache tu hutosha kuharibu birika nzima. Hakuna aliyemwita. Hakuna kengele. Alisema baadaye kwamba tangu 2018 mikono yake haikuwahi kufanya kazi ambayo mtu hawezi kufa ikikosewa.

Wifi yake ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa, kwamba meza mbili kati ya tatu si zao.

«Ni za nani?»

«Tuliuza maua, wifi.»

Kila mkulima wa milima ya Kivu anaelewa maneno hayo. Mwezi wa tatu, shamba likiwa jeupe na linanuka vizuri, nyumba nyingi hazina hata faranga. Mwenye pesa anakuja, anatazama maua, anatoa mkopo, na bei inapangwa siku hiyohiyo. Mavuno yakifika anarudi na magunia. Mwezi ule wa Machi mama huyu alikuwa amezaa kwa kupasuliwa, na kama inavyotokea mahali pengi nchini, hangeruhusiwa kutoka na mtoto kabla malipo hayajakwisha. Alibaki kitandani siku kumi na mbili zaidi, amepona. Mume wake akachukua dola 80 kwa mwenye pesa. Deni: kilo mia moja za parche.

Hapa ndipo mwaka 2024 ulipowachezea vibaya. Mwezi huohuo wa Desemba, bei ya arabika kwenye soko la New York, iliyokuwa imeshapita dola tatu kwa paundi, ilivuka rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1977. Wakulima wa Kyondo walisikia kwenye redio. Aliyekuwa na kahawa yake mkononi alifurahi. Aliyeuza maua alihesabu usiku na kukosa usingizi. Huko chini, upande wa Beni, robusta iliuawa na ugonjwa wa kunyauka katika miaka ya 1990 na watu wengi wakahamia kakao. Huku juu arabika ilibaki, watu wakaivumilia miaka ya bei mbovu. Bei nzuri ilipofika, wengine walikuwa wameshaiuza miezi tisa kabla.

Muuguzi hakukasirikia deni. Kilichomchoma ni kwamba hakuambiwa. Mke wa ndugu yake amefungiwa hospitalini kwa sababu ya malipo, na yeye ni mtu wa hospitali, yuko Butembo, simu yake iko wazi! Jioni alimwuliza mdogo wake mbele ya moto. Kijana alinyamaza, akasukuma kuni.

«Yaya, mara ngapi umelipa? Minervali ya watoto ni wewe. Mabati ni wewe. Nikasema safari hii niwe mwanaume.»

«Na mwanaume anauza shamba la baba likingali maua?»

Usiku ule hawakuagana. Nyumba ndogo, watu wazima watatu, na kila mmoja anasikia mwenzake akigeuka kitandani.

Muuguzi alikuwa na pesa kidogo aliyoiweka kwa ajili ya Noeli. Asubuhi alipendekeza airudishe ile dola 80 na faida juu yake, kahawa ibaki. Mdogo wake alikataa. Neno alilotoa Machi ni neno, akasema, na mwaka kesho akihitaji tena, nani atamkopesha? Mtu anaweza kumwita mjinga. Lakini milimani hakuna benki. Kuna majina ya watu, na jina likiharibika halitengenezwi kwa pesa ya dada.

Ijumaa mwenye pesa alifika na vijana wawili, magunia na mizani ya kuning'iniza. Alipewa kiti. Aliuliza habari za mtoto. Hakuwa mtu mbaya wa kuonekana, na kwa kweli Machi yeye ndiye aliyefungua mlango wa hospitali. Mizani ikafungwa kwenye tawi la mti.

Muuguzi alikuwa amesimama pembeni. Miaka ishirini anapima watoto, na kila asubuhi kabla ya kumpima wa kwanza anahakikisha mizani. Si ujanja, ni mazoea. Akaenda jikoni, akatoka na bidoni ya manjano ya lita 20 iliyojaa maji.

«Papa, samahani. Tuanze na hii.»

«Mama, kwani unaniuzia maji?»

Watu wakacheka. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, hilo linajulikana hata na mtoto wa darasa la sita, na bidoni yenyewe nayo ina uzito wake. Mizani haikuweza kuonyesha chini ya 20. Ilionyesha 18. Wakaishusha, wakaining'iniza tena. 18.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye pesa alisema mizani imechoka, njia ni mbovu, inagongwagongwa. Muuguzi alisema bila shaka, za hospitali pia huchoka. Basi wakakubaliana: kila ikifika 18, iandikwe 20. Mara tano, deni limekwisha. Kwa hesabu hiyo walibakiza kilo 11 ambazo zingeondoka bila mtu kujua. Bei mpya ya mwezi ule ilizifanya kilo za maana. Jirani wawili waliokuwa wamesimama pale waliondoka haraka kuelekea nyumbani kwao, kila mmoja kutafuta bidoni yake.

Jioni mdogo wake alikaa karibu naye. Hakusema asante. Alisema: «Mwaka kesho maua yakitoka, nitakupigia simu kwanza.» Akajibiwa: «Piga hata kabla ya maua.»

Zilibaki siku saba za konje. Hazikutimia. Katikati ya mwezi redio zikatangaza mapigano ya Alimbongo, katika teritwari ya Lubero, na barabara ya kuja Butembo ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Jumanne tarehe 17 simu ililia kutoka kazini. Mganga mkuu hakuamuru. Aliuliza tu kama amepumzika vya kutosha.

Aliondoka kesho yake asubuhi na mapema, na Ruwenzori ilikuwa wazi. Alimwomba motari asimame kwanza. Kwenye valizi, mahali pa sukari na sabuni, kulikuwa na kilo mbili za kahawa ambayo wifi yake aliikaanga ndani ya chungu na kuitwanga usiku, na makoti yote mawili yalinuka kahawa hiyo hadi Butembo. Kopo la dukani lilibaki kwenye rafu. Unga wake ulikwisha siku ya Noeli. Sasa linawekewa chumvi.